Viroboto wa Mama Mdogo

Jua lilikuwa linazama nilipompelekea mama mdogo dawa ya viroboto. Paka wake alikuwa anakwisha. Fizi nyeupe kama karatasi. Daktari wa wanyama alisema viroboto wamemnyonya, tukizubaa tutamzika.

Mama mdogo alikuwa jikoni. Nikamkuta paka sebuleni, nikamdondoshea matone shingoni, basi. Ndipo nikakiona ukutani: kile kidude cha plagi kinachouzwa kwa mbwembwe, eti kinatoa mlio tusiousikia wanadamu, viroboto wakiusikia wanahama. Wamehama wapi? Walikuwa wananirukia miguuni kama nimewaalika. Tafiti nimezisoma, kiroboto hana habari na mlio huo.

Nikakichomoa.

Paka akainuka. Akarudi kinyumenyume mpaka ukutani.

Halafu miguu yangu ikaacha kuwasha. Viroboto walikuwa wananikimbia... wote, kuelekea katikati ya vigae vyeupe. Wakaruka. Hawakuanguka. Waliganda hewani, weusi, wakibanana, mpaka wakachora kisigino. Kifundo. Muundi.

Kiroboto hufuata joto na damu. Hilo nalo nimelisoma.

Mguu wa pili ukajichora mbele ya wa kwanza.

Hatua moja, kuja kwangu.

"Nani kakichomoa?" Mama mdogo alikuwa mlangoni, ananong'ona.

"Mimi. Hakifukuzi viroboto..."

"Na nani kakwambia nimekinunulia viroboto? Kirudishe, mwanangu. Polepole."

Plagi ikakosa tundu, ikakosa tena. Harufu ya udongo mbichi ilinijia usoni, karibu kabisa, kama pumzi... Plagi ikaingia.

Miguu ile ikageuka. Ikaenda nyuma ya kochi, ikasimama.

"Ni nani?"

"Ningemjua ningemfukuza kwa jina. Mlio ukiwepo hukaa pale pale. Ukikatika, husogea. Sasa mimi nitajuaje yuko wapi bila viroboto? Au ulidhani nimewafuga kwa uvivu?"

Akakiona kichupa mkononi mwangu.

"Niambie hujampaka."

Paka alikuwa anajikuna shingo. Chini yake, kiroboto mmoja alikuwa chali, anatapatapa. Akadondoka mwingine.

Dawa ile haina porojo, inafanya kazi. Paka atanenepa. Mwezi hautaisha kabla viroboto hawajakwisha nyumba nzima.

Na nyuma ya kochi hatutaona kitu.