Fundi Aliyefutwa Pichani

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na utulivu wa kuonewa wivu. Kila alasiri, binti wa Mzee Spana alirudi kutoka duka la uchapaji alikotengeneza kadi za harusi, akawasha kompyuta yake, na baba yake akavuta kiti kumtazama. Kazi hii ya nyumbani hakulipwa. Alikuwa mmoja wa waliojitolea maktabani kusafisha picha za kale kwa kompyuta: kufuta ukungu, kuziba mipasuko, kisha picha ziwekwe mtandaoni kila mtu azione na kuzichukua bure. Mzee, fundi bomba mstaafu, alipenda kumtania. "Unawaosha nyuso marehemu bila hata kuwapigia hodi!"

Siku moja mzee mwenyewe alitoa picha sandukuni. Ilionyesha mafundi sita waliotandika mabomba ya kwanza ya mji ule, wamejipanga mbele ya tangi la maji. Binti akaifurahia, akaiingiza kwenye kompyuta. Unyevu ulikuwa umeila, lakini nyuso zote zilionekana. Baba yake alikuwa wa tano, kifua mbele. Wa mwisho, anayecheka, alikuwa mdogo wake baba.

"Huyo mtoe," mzee akasema.

"Nani, baba?"

"Huyo anayechekacheka. Msaliti mkubwa!"

Ugomvi wao ulikuwa wa zamani. Tangi liliwahi kufurika na kuharibu nyumba za watu kwa sababu Spana, aliyekuwa zamuni, alipitiwa na usingizi. Mkubwa wa kazi alipouliza, mdogo mtu akasema kweli. Spana akavuliwa unyapara, na tangu hapo ndugu wale wa tumbo moja hawakupikika chungu kimoja.

"Baba, sheria yetu ni kusafisha tu. Hatuongezi mtu, hatupunguzi mtu."

"Nani kakulea, mimi au hiyo sheria?"

Binti akanywea. Akanakili ukuta wa tangi kipande kwa kipande, akamfunika baba yake mdogo mpaka asionekane hata ukucha. Kisha, ili asije akaulizwa, akaihifadhi picha mpya juu ya ile ya awali, ya awali ikafutika. Picha ya karatasi mzee aliipitishia mkasi, na kipande chenye mdogo wake akakitia motoni.

Siku ya kuonyesha picha maktabani, ile ya mafundi ikiwemo, baba mdogo alikuja na wajukuu wake wawili, nguo zao zimepigwa pasi. Picha zake mwenyewe ziliharibiwa zamani na paa lililovuja, na miaka yote aliwasimulia kuwa alikuwa miongoni mwa walioleta maji mjini.

"Babu, wewe ni yupi hapa?"

Akasogea. Akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Nilisimama hapa, karibu na kaka."

"Hapa ni ukuta, babu."

"Babu muongo!" mjukuu wa pili akacheka.

Moyo unauma hata kusimulia. Mzee wa watu, aliyepoteza kaka kwa sababu ya kusema kweli, leo anaitwa muongo na mjukuu wake. Akamgeukia binti wa Spana, aliyesimama kando ya picha.

"Mwanangu, nasikia wewe ndiye uliyeisafisha. Hukumwona mtu hapa?"

Spana alikuwa mlangoni, amemkazia macho bintiye. Neno moja tu lingetosha.

"Sikumwona, baba mdogo."

"Basi labda uzee huu," akasema polepole, akawashika wajukuu mikono, wakaondoka. Hakusimulia tena habari za mabomba. Wajukuu walipomwomba, aliwaambia amesahau.

Mwaka haukuisha, akafariki. Msibani mjane aliulizia picha ya ujana wa mumewe, na hakuna aliyekuwa nayo. Spana, shati limelowa machozi, alimvuta binti yake hadi nyumbani, akamkalisha mbele ya kompyuta.

"Mrudishe."

"Nimrudishe kutoka wapi, baba?"

"Huko huko ulikompeleka!"

"Niliweka ukuta juu yake, na ile ya awali nikaifuta. Kipande ulikichoma mwenyewe."

Mzee akakigusa kioo pale mdogo wake aliposimama, akalia kwa sauti.

Binti alikwenda maktabani kukiri, na chini ya picha pakaandikwa kwamba fundi mmoja aliondolewa. Lakini picha ilikuwa ya bure, watu walishaichukua. Imo magazetini na kwenye kalenda za ukutani, na huko kote mafundi ni watano. Akaenda na kwa wale wajukuu.

"Babu yenu hakuwa muongo. Muongo ni mimi."

Mkubwa wao akamtazama. "Mbona hukumwambia yeye?"



FUNZO

Ndugu zangu, anayetunza kumbukumbu za watu ameshika amana, na kujitolea bure hakumpi ruhusa ya kuichezea. Mzazi akikutuma uongo, mkatalie kwa adabu. Hiyo nayo ni heshima. Nanyi wenye vinyongo, patanani mapema. Neno la kumwondolea mtu aibu mwambieni angali anasikia, kwa maana msibani neno hilo husikiwa na wengine tu.