Hatua Tatu za Kelera

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua mdomo wangu hauna kufuli. Mimi ni Makereta, katibu wa kamati ya mtaa wetu hapa mlimani jijini Suva, visiwani kwetu, mwaka wa tisa sasa. Nimesema mengi ya watu. Leo nasema yangu, na ya wenzangu wote mliokuwa upande wangu, kwa hiyo msiangalie pembeni.

Ilikuwa Jumapili, tena Jumapili njema. Tumetoka ibadani, shimo tulimofukia chakula juu ya mawe ya moto limefukuliwa, magimbi na muhogo vinafuka mvuke, samaki wamelala ndani ya tui. Tumekaa mkekani kwenye banda la kanisa, miguu tumeikunja, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Aliyekuwa anatuchekesha ni Kelera, binti wa jirani yangu Unaisi, yeye akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya mkeka. Ugonjwa wa mishipa ulimwanza akiwa na miaka ishirini na sita, na mwaka wa nne huo miguu ilikuwa inamtoroka kidogo kidogo.

"Shangazi Makereta," aliniita, "hilo gimbi unalolikumbatia, mmefunga ndoa?"

"Wee mtoto! Nyamaza nile."

Mara akaingia Mzee Apenisa, mkubwa wa ukoo wetu. Sote tukainama, vicheko vikakata. Mzee akaketi chini mkekani kama tulivyoketi sisi. Na kwetu, hata mtoto mdogo anajua, hakuna anayekaa juu kuliko kichwa cha mkubwa. Kelera peke yake ndiye aliyebaki juu, kwenye kiti.

Hakuna aliyemwambia ashuke. Aliishika nguzo ya banda, akajivuta, akasimama. Magoti yanatetemeka, jasho linamtoka. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, akajiachia mkekani kwa kishindo. Mama yake akamfunika miguu kwa kanga. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika: "Asante, binti. Umelelewa."

Ile ilikuwa adabu, jamani. Tulipaswa kuona adabu. Vasiti, wifi yangu, akanifinya paja.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Kumbe anatembea!"

Basi. Samaki wakapoteza ladha.

Sasa niwaeleze kwa nini hatua zile tatu zilituwasha. Mwezi ule wakuu wa jiji walituandikia barua. Walisema zile ngazi arobaini na moja za kushuka barabarani watazivunja, wajenge njia ya mteremko ya zege yenye vyuma vya kushika, na basi la sakafu ya chini, lile lenye ubao wa kupandishia kiti, litaanza kusimama kwetu. Walitaka kitu kimoja tu: kamati ithibitishe kwa maandishi kwamba mtaani kuna mkazi asiyeweza kutumia ngazi. Mwandishi wa barua za kamati ni nani? Mimi.

Na Kelera alikuwa na shida yake ya Jumanne. Kila Jumanne alikwenda hospitali kufanyishwa mazoezi ya viungo. Daktari alimwambia wazi: ukija kila wiki, hizo hatua chache ulizonazo zitabaki; ukiacha, zitakwenda na hazirudi. Alitueleza mwenyewe, tena mara nyingi. Tulimwitikia "pole," yakaishia hapo.

Alikuwa anashukaje? Kwa makalio, ngazi moja moja, mama yake nyuma amejitwika kiti kilichokunjwa. Chini, dereva Rajnesh alikuwa anasubiri, abiria wawili watatu wanashuka, wanambeba na kiti chake mpaka ndani. Ndivyo alivyoishi, kwa hisani ya watu.

Baada ya Jumapili ile nikageuka askari. Nikamchunguza. Nilipita kwao kuomba chumvi, nikaziona kandambili zake mlangoni, soli imelika upande mmoja. Mtu asiyetembea kandambili zake zinalikaje? Nikatoka na chumvi yangu na ushahidi wangu. Vasiti naye akaleta wake: nguo zimeanikwa kwenye kamba ya juu, na Unaisi ni mfupi, kamba ile haifikii. "Nani ameanika, malaika?" aliniuliza. Baadaye nilikuja kujua kwamba Unaisi alikuwa anapanda kwenye ndoo. Wakati ule hatukuuliza. Anayeshuku haulizi, ndugu zangu, anakusanya.

"Wanataka wajengewe barabara yao," Vasiti alisema.

"Na basi lao," nikamjibu.

"Sisi tumepanda ngazi hizi na mimba, na magunia. Nani alitujengea?"

Mtaa mzima ukaambukizwa. Maneno yakateremka ngazi yakapanda basi kabla ya Kelera. Jumanne iliyofuata nilikuwepo kituoni, nawaapia kwa macho yangu haya. Kelera amefika chini, nguo imeloa matope, anahema. Basi likasimama. Hakuna abiria aliyeinuka.

Rajnesh akachungulia dirishani. "Dada, nasikia Jumapili unatembea. Jumanne miguu inapumzika?"

Ndani ya basi watu wakacheka.

"Kaka Rajnesh, hatua tatu tu, nikishika kitu," Kelera alimwambia. "Ngazi za basi ni ndefu, siwezi."

"Basi tatu zinatosha. Ngazi zangu ziko tatu."

Unaisi akanigeukia. "Makereta, waambie basi! Wewe unamjua mwanangu."

Nikaangalia saa yangu. Nikapanda, nikaketi. Basi likaondoka na mimi ndani. Niliwaona dirishani mpaka kona, mama anakunjua kiti, binti ameketi ukingoni mwa mtaro.

Jioni nikaandika barua. Nakumbuka kila neno, kwa sababu niliona nimeandika vizuri: "Kamati imejiridhisha kuwa hakuna mkazi mwenye mahitaji hayo." Mzee Apenisa, kama mkubwa wetu, alipaswa kutia sahihi. Alishika kalamu muda mrefu.

"Yule binti wa Unaisi je?"

"Mzee, si ulimwona mwenyewe akitembea mbele yako?"

Akatia sahihi, bila kuniangalia usoni.

Kelera alijaribu Jumanne mbili zaidi. Ya kwanza basi lilipita. Ya pili mvua ilinyesha, akateleza kuanzia ngazi ya ishirini, akachubuka mgongo mzima. Baada ya hapo hawakuonekana tena. Mnadhani nilipata huruma? Nilisema, aha, amejua tumemgundua, amejificha.

Ikapita miezi mitatu. Jumanne moja asubuhi nikaamua nimkamate kabisa. Nikavua viatu, nikanyata hadi dirisha la kwao, nikachungulia kati ya vioo.

Kelera alikuwa sakafuni, amelishika kabati. Mama yake amempitishia kanga kiunoni, anamvuta, uzee wenyewe ule. Ukutani wamebandika karatasi ya mazoezi.

"Moja," Unaisi alisema. "Inuka, mama. Moja."

Mikono ya Kelera ilijaa mishipa. Miguu haikujibu. Ilikuwa pale tu, imelala kama si yake. Akaanguka kifudifudi, mama yake juu yake.

"Juzi ulisimama, mwanangu. Juzi tu."

"Haikuwa juzi, mama. Ni mwezi uliopita."

Nilitaka kuondoka, mguu wangu ukagonga kopo. Unaisi akainua uso, tukaonana.

"Ingia, shoga," aliniambia, wala hakupaza sauti. "Umekuja kuhesabu hatua? Zimekwisha."

Sikuingia. Nilikimbia. Mimi, mwenye miguu mizima, nilikimbia ngazi zote arobaini na moja, nikakaa chini pale kituoni nikalia kama mtoto.

Kwetu kosa kubwa huombewa radhi kwa jino la nyangumi, na anayeletewa kwa unyenyekevu hakatai. Tulikwenda Jumamosi, Mzee Apenisa mbele, mimi, Vasiti, na Rajnesh dereva aliyeomba mwenyewe kuja. Tulipiga magoti mlangoni. Mzee aliliinua lile jino kwa mikono miwili, akasema:

"Binti, ulishuka kwa ajili ya heshima yangu. Nami nilijua. Nilijua, nikatia sahihi."

Kelera alikuwa kitandani, mto mgongoni. Alilipokea jino, akalibusu, kama inavyotakiwa.

"Nimepokea, babu. Nimewasamehe nyote, moyo wangu hauna kitu." Kisha akanitazama mimi. "Shangazi, barua nyingine umeandika?"

"Nimeandika, mwanangu. Jana nimeipeleka mwenyewe ofisini kwao."

"Wamesemaje?"

"Fedha za mwaka huu wamepeleka mtaa mwingine. Wamesema tuombe tena mwakani."

Akaliweka jino kando ya mto.

"Haya. Na Jumanne hii nani atanibeba?"

Rajnesh alisema, "Mimi." Vasiti alisema, "Mimi." Tulikuwa wengi siku hiyo. Tunambeba mpaka leo, zamu kwa zamu, na mazoezi anafanya ya mikono tu. Miguu, daktari ameshafunga ukurasa.

MAFUNZO

Hujafa hujaumbika, hilo mnalijua, mnaliimba kila msibani. Mimi naongeza langu. Ulemavu hauna sura moja. Yupo asiyeinuka kabisa, na yupo mwenye hatua tatu Jumapili na hana hata moja Jumanne. Ukimwona amesimama, usijifanye daktari, muulize, atakwambia. Msimfanye mtu atambae ndipo mmsadiki.

Na njia ya mteremko, jamani, ingemdhuru nani? Angepita Kelera, angepita Mzee na fimbo yake, angepita mama na mtoto mgongoni, ningepita mimi na magunia yangu. Hata angekuwa mwongo, tungepoteza nini? Jengeni kwanza. Dai njia, dai basi lenye ubao, kabla hujamdai jirani yako ushahidi.

Barua ya mwakani nimeshaiandika. Karatasi iko kwangu, na kalamu ipo. Nataka sahihi ya kila nyumba kabla hamjaondoka hapa.