Siku Thelathini na Sita za Maji Bila Samaki

"Muuaji ni huyu hapa!"

Wifi yangu aliyatamka hayo mbele ya manesi wawili, daktari, na mgonjwa mmoja aliyekuwa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mkononi alishika chupa nyeupe yenye alama ya fuvu la kichwa.

Chupa yangu.

"Nimeikuta chini ya meza yake ya kushonea! Nyuma ya majora ya vitambaa! Mtu mwenye nia njema anafichaje sumu ndani ya nyumba?"

Nyuma ya mlango wa kioo, mama mkwe wangu alikuwa amevalishwa barakoa ya oksijeni. Anatetemeka chini ya mablanketi matatu. Tangu jana mchana alikuwa analalamika kitu kimoja tu... mdomoni anasikia ladha ya chuma, kama mtu aliyelamba misumari.

Mume wangu hakunifokea. Afadhali angefoka! Alisogea hatua moja mbali na mimi, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Jana asubuhi mama alikunywa chai. Nani aliipika?"

"Mimi."

"Umemtilia nini mama yangu?"

Jamani, wasomaji wangu... Miaka saba ya ndoa! 

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Wengi wenu hapa ukurasani mnanijua kwa mapazia ninayoshona, na kwa lile tangi la samaki nililokuwa nawarushia picha zake kila siku. Wageni karibuni, kaeni, msikilize.

Tangi lenyewe dogo tu. Lita sitini, la kioo, juu ya kabati sebuleni. Ila halikuwa la maji baridi kama ya watu wengine. Mimi nilitaka la maji ya chumvi! Nilitaka wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Kimbelembele changu mwenyewe.

Mzee aliyeniuzia vifaa tunamwita Fundi Chumvi. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye stuli.

"Binti, tangi jipya linaua."

"Linaua vipi, na maji ni safi?"

"Kinyesi cha samaki kinageuka amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoila, lakini kwenye tangi jipya hawapo. Inabidi uwaite, uwalishe, uwasubiri. Wiki tano, wiki sita. Ukitia samaki leo, kesho unazika."

"Nawalisha nini sasa?"

"Hiyo hiyo amonia. Matone machache. Unapima kila siku. Itapanda, kisha itashuka. Itakuja sumu ya pili, nitraiti, nayo itapanda na kushuka. Sumu zote mbili zikisoma sifuri, njoo uchukue samaki."

Basi nikaanza. Nilichanganya chumvi ya bahari ya kwenye mfuko ndani ya ndoo, si ile ya jikoni. Nikaiacha izungushwe na pampu siku nzima, nikapima chumvi yake mpaka sindano ya kipimo ikakaa kwenye mstari. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, akanifungia hita na taa. Nikamwaga mchanga. Mwisho nikaweka jiwe hai.

Jiwe hai ni jiwe lililotoka baharini na wapangaji wake. Lile langu lilikuwa na vijiua, viumbe hai vidogo kama maua, vya kahawia na kijani, vimejipanga kama vifungo vya shati. Ukiwasha taa vinafunguka. Nilivipenda mno!

Mama mkwe hakupenda chochote.

Mama huyu ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini ya kupokea watoto wa watu, na miaka thelathini ya kuchemsha vifaa. Ndani ya nyumba yetu kila kitu kilichemshwa. Vijiko, taulo, chupa za watoto wa wageni. Siku moja alichemsha rimoti ya televisheni... naapa sitanii!

Mimi na yeye tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Kila akipita sebuleni lazima aniachie kijembe.

"Wenzio wanafuga kuku, wewe unafuga mawe."

"Mama, samaki wanakuja."

"Wanakuja kwa miguu? Mwezi sasa!"

Wiki ya tatu tangi likabadilika. Utelezi wa kahawia ukatanda juu ya mchanga, juu ya kioo, juu ya jiwe. Ni kawaida kwa tangi changa, unapita wenyewe. Ila ukiangalia unaona kinyaa, na harufu nayo ikaanza kusalimia wageni mlangoni.

"Huu uchafu unausafisha lini?" Mama aliniuliza siku hiyo.

Nilikuwa na pazia la mteja mapajani, pini mdomoni, haraka kichwani. Nikamjibu bila hata kumtazama.

"Mama, samaki hawaji mpaka uchafu uishe. Basi."

Basi! Mtu mzima nilimjibu "basi."

Siku ya thelathini na sita, Alhamisi, nilipima. Amonia sifuri. Nitraiti sifuri. Nilipiga vigelegele peke yangu! Nikampigia Fundi Chumvi, akasema njoo Jumamosi wawili wako wanakusubiri.

Ijumaa nikatoka kwenda kutundika mapazia ofisi ya mteja. Niliporudi saa tisa mchana nikamkuta mama sakafuni jikoni. Midomo imepauka, mwili unatetemeka, anahema kama amepanda ngazi mia moja.

"Mama! Mama, una nini?"

"Kifua... mdomo mchungu..."

Sikuangalia jiko. Sikuangalia sinki. Nilimpigia mume wangu, tukambeba, tukakimbia hospitali.

Na Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda kuchukua samaki wangu, nilikuwa nimesimama kwenye korido ile naitwa muuaji.

"Hiyo ni amonia," nilisema hatimaye. "Ni ya tangi. Matone tu, ya kulisha bakteria."

"Kwa nini uliificha?" mume wangu akauliza.

"Kwa sababu mama angeiona angesema nitoe tangi lote."

"Eti matone ya bakteria!" Wifi akacheka kicheko kibaya. "Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Mimi napiga simu polisi."

Daktari akaichukua chupa, akaisoma, akatikisa kichwa.

"Hii ingemuunguza mdomo na koo. Mdomo wake hauna jeraha. Lakini hii hali ni ya sumu, na sijui ni sumu gani. Moyo wake umeanza kurukaruka. Nikijua ni nini, nitajua nijiandae na nini. Nisipojua..."

Akamtazama mgonjwa kupitia kioo.

Wifi alisikia neno "sumu" tu. Mengine yalipita.

"Nenda nyumbani," mume wangu akaniambia. "Usimsogelee mama. Nenda."

Nilikwenda. Miguu ilinibeba yenyewe, mimi sikuwepo.

Nyumba ilikuwa kimya. Pampu peke yake ndiyo iliyokuwa inanguruma. Nilipoliangalia tangi nikaona maji yamekuwa meupe, kama yaliyooshewa mchele.

Mazoea yana nguvu, jamani. Mkwe wangu anakata roho, polisi wako njiani, na mimi nikachukua kipimo! Maji mililita tano. Matone manane. Tikisa. Subiri dakika tano. Njano ni salama, kijani ni sumu.

Sikusubiri tano. Dakika ya kwanza tu mrija ulikuwa kijani. Ya pili, kijani kama jani la mgomba. Rangi ilipita mwisho wa kadi ya kulinganishia rangi.

Juzi ilikuwa sifuri!

Amonia haipandi hivyo yenyewe. Inapanda kitu kikifa ndani ya maji... na kikifa kikubwa. Ila mle ndani hapakuwa na samaki hata mmoja.

Ndipo nikaliangalia jiwe.

Lilikuwa safi. Jeupe, limesuguliwa, linang'aa kama sahani. Utelezi hakuna. Vile vifungo vyangu vyote hakuna, vimebaki vidoti vya kijivu.

Nikakimbilia jikoni. Sufuria kubwa ya mama, ile ya kuchemshia taulo, ilikuwa juu ya jiko. Ndani yake supu ya kijivu, na mchanga chini. Pembeni brashi ya kusugulia. Madirisha yote yamefungwa.



Nilipiga simu hospitali nikamwomba daktari.

"Daktari, mama amechemsha jiwe! Jiwe la tangi! Lina viumbe vyenye sumu, ukichemsha sumu inapanda na mvuke. Ameuvuta!"

"Una uhakika?"

"Sufuria ninayo hapa!"

"Toka humo ndani sasa hivi! Fungua madirisha, usiguse chochote, toka!" Kisha akauliza, "Umejuaje habari za hiyo sumu?"

"Nimesoma sasa hivi mtandaoni."

Nilitoka nikakaa kizingitini. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kupata ladha ya chuma.

Wasomaji, hiyo sumu haina dawa yake. Lakini daktari alipojua, alijua moyo ndio wa kuchungwa. Walimhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, na moyo ulipoyumba jioni ile walikuwa pembeni yake tayari. Siku ya nne akafumbua macho, akaomba chai.

Wifi alighairi habari za polisi, akanishika miguu mbele ya watu. "Nisamehe, wifi yangu. Shetani alinipitia." Nikamwinua, nikasema yameisha.

Mume wangu alilia. "Umemwokoa mama, na mimi nilikufukuza." Nikamkumbatia, nikasema yameisha.

Na mama mwenyewe alinivuta mkono pale kitandani.

"Nisamehe mwanangu. Ulisema samaki hawaji mpaka uchafu uishe. Nikasema ngoja nikusaidie, ukirudi ukute pasafi. Nimekuharibia jiwe lako."

Mama wa watu! Bado anahema kwa oksijeni, anaomba radhi kwa ajili ya jiwe!

Nikamwambia, "Yameisha, mama."

Nyie nanyi mkanipongeza. Nilirusha kisa hiki kwa ufupi, mkaniita shujaa, mkaniita mkwe wa mfano. Maoni mia sita. Nilisoma yote, moja baada ya jingine.

Sasa kaeni sawa... kuna kitu sikuwaambia.

Sikusoma mtandaoni siku ile. Nilikuwa najua.

Siku niliponunua lile jiwe, Fundi Chumvi alinishika bega kabla sijalipa. "Hivi vijiua ni vizuri lakini vina sumu kali. Jiwe hili halisuguliwi na halichemshwi, hata kwa bahati mbaya. Mwambie kila mtu nyumbani. Kila mtu, umenisikia?"

Nilimsikia. Na niliwaambia... ninyi! Siku ya pili ya tangi niliandika hapa hapa, kwa herufi kubwa: JIWE HAI HALICHEMSHWI. Mliipenda watu mia nne. Mmoja akaandika "asante kwa elimu, dada."

Watu elfu tatu nisiowajua sura niliwapa elimu. Mkunga mwenye sufuria, ninayelala naye nyumba moja, anayechemsha mpaka rimoti... sikumwambia.

Kwa nini? Kwa sababu angesikia neno "sumu" tangi lingelala nje siku hiyo hiyo, na mume wangu angekuwa upande wake. Nilijua. Nikapiga hesabu zangu, nikanyamaza siku thelathini na sita.

Na ile posti? Wachache mliiulizia. Nilisema mtandao umeila. Uongo. Niliifuta mwenyewe, kwa kidole hiki, nikiwa kizingitini, kabla mume wangu hajarudi kutoka hospitali. Mama yake haijulikani kama atapona, mimi nafuta posti!

Wifi aliniita muuaji akakosea chupa tu.

Fundisho langu ni hili, mlichukue au mliache. Kitu cha hatari ukikiingiza ndani, wa kwanza kuambiwa ni wanaolala humo, hata kama hampikiki chungu kimoja. Ukinyamaza kwa kuogopa watakasirika, ujue umeshawachagulia jambo baya kuliko hasira.

Na safari hii sikuanza na ninyi. Haya yote nimemsomea mama kwanza, sebuleni, mchana huu, neno kwa neno. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanigeukia.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama."

"Na mimi nikakuomba msamaha."

"Ndiyo, mama."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Ningekasirika siku moja," akasema. "Moja tu. Kesho yake ningekwambia ukachape kibao cha onyo tukibandike jikoni."

Machozi yalikuwa yananitoka mpaka kwenye simu.

"Mumeo anajua?"

"Bado."

"Mwite."

"Mama, naomba kwanza..."

"Nimesema mwite."

Nimemwita. Nasikia malapa yake kwenye korido, anauliza kuna nini.