Simu Tisa za Josia

Msimu wa pamba ukifunguliwa, mji wa Bariadi hauna tena utulivu wa kujivunia. Watu huja kutoka Ngulyati na vijiji vingine, kila mmoja ana haraka yake, na wote hutaka kuhudumiwa wa kwanza. Duka la dawa alimouza Milembe lilitazamana na stendi ya mabasi, kwa hiyo haraka zote hizo zilimfikia yeye.

Mchana mmoja wa Julai watu walijaa hadi kwenye ngazi. Huyu alitaka dawa ya minyoo, yule ya macho, na babu mmoja alitaka sindano ya ng'ombe wala hakukubali kuambiwa kwamba hapo huuzwa dawa za watu. Milembe alikuwa amevaa koti jeupe juu ya gauni la kitenge la njano, nywele kasuka twende kilioni, uso mkavu. Akaingia kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu. Nywele, nyusi na masharubu yake yalikuwa yamefunikwa na nyuzi nyeupe za pamba.

"Dada, nipe pipi za minti. Pakiti nne."

"Kaka, umezeeka lini? Mpaka nyusi zina mvi."

"Nimezeekea kiwandani. Asubuhi niliingia nikiwa kijana."

Watu wakacheka. Milembe akamsogezea pipi, kisha akanusa hewa kidogo. "Hizi hazifichi moshi. Zitaufanya unukie minti tu."

"Nani kakuambia navuta?"

"Vidole vyako. Vya njano kuliko gauni langu."

Kijana akaviangalia vidole vyake, akavitia mfukoni, akaondoka. Milembe alidhani amempoteza mteja. Kesho yake akarudi, ameoga, shati limenyooshwa, akasubiri watu wapungue.

"Mtu akitaka kuacha sigara anaanzia wapi?"

"Mtu gani?"

"Mtu mmoja hivi. Anaitwa Josia. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba."

Milembe alikuwa na maelezo yake ya siku zote kwa watu wa namna hiyo, naye akampa Josia yote. Achague tarehe. Awaambie watu wake. Sigara na kiberiti visibaki nyumbani. Asikae na wanaovuta. Wiki za mwanzo atakuwa na hasira na usingizi utampaa, lakini yatapita. Na hamu ikimbana, asubiri dakika chache huku akinywa maji au akitembea, kwa sababu hamu nayo huchoka.

"Na akishindwa kusubiri peke yake?"

"Ampigie mtu simu waongee."

"Nipe namba yako basi," Josia akasema, na uso wake haukuonyesha aibu hata kidogo.

Alimpa. Milembe alijiambia kwamba alimpa kwa sababu za kitabibu.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Josia alichagua tarehe mosi Agosti, lakini simu zilianza wiki mbili kabla, na chache tu zilihusu sigara. Jumapili walitembea wakila mahindi ya kuchoma. Siku Josia alipotaja ndoa kwa mara ya kwanza, Milembe alimjibu bila kuzunguka.

"Baba yangu alikufa kwa mapafu. Nilimwona mama akimpepea miezi minane, usiku na mchana, na baba bado anaomba avute kidogo. Nakupenda, Josia. Lakini sitaki kumpepea mtu."

"Nitaacha."

"Acha kwanza. Halafu utaniambia umeacha."

Agosti ikaingia. Simu ikilia mchana, Milembe alijua.

"Mpenzi, imekuja."

"Uko wapi?"

"Nyuma ya marobota. Nimekunywa maji mpaka tumbo linapiga kelele."

"Umekula nini?"

"Viazi vya michembe na maharage. Kapika dada yangu. Kaweka chumvi ya mwaka mzima."

"Ndiyo maana unakunywa maji. Wala si sigara."

Josia akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Imepita," akasema.

"Haya, rudi kazini, mzee wa nyusi nyeupe."

Ilipofika wiki ya tatu, Josia alimtuma baba yake mdogo, mzee Januarius wa Migato, apeleke taarifa kwa mama Nyanjige, mama yake Milembe, kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata wageni wangekuja kuleta posa. Mama Nyanjige aliuliza jambo moja tu kuhusu huyo kijana, kama anavuta. Milembe akamwambia ameacha.

Siku ya ishirini na nne, Jumatatu, Josia alipita dukani akitoka kazini. Duka lilikuwa tupu, naye akamkumbatia. Milembe akajitoa mikononi mwake kwa nguvu. Ovaroli yote, kila unyuzi wa pamba ulioganda juu yake, ilinuka sigara.

"Umevuta."

"Sijavuta."

"Josia, mimi nina pua."

"Nimekaa kibandani na wenzangu, basi. Wao wanavuta, mimi nina chupa yangu ya maji. Pamba inashika moshi, Milembe, inashika kila kitu."

"Nilikuambia usikae na wanaovuta."

"Nikae wapi? Ndani ya uzio ni pamba tupu, haturuhusiwi kukaa. Chakula tunakula kibandani."

"Baba naye alikuwa na majibu. Alikuwa na jibu kwa kila kitu."

"Mimi si baba yako."

"Toka, Josia."

Akatoka. Kuanzia hapo Milembe hakupokea simu yake. Jumanne ililia mara nne, Jumatano mara tano, na kila mara aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Alijua wanaume wanavyobembeleza, naye hakutaka kubembelezwa akalegea. Nyumbani hakumwambia mama kitu. Mama alikuwa ameshaanza kupepeta mchele wa Jumamosi.

Alhamisi asubuhi mama mmoja alikuja dukani analalamika. Mume wake alikuwa ameacha sigara tangu Pasaka, na juzi kamkuta nazo tena. Amfanyeje? Milembe akamjibu huku akipanga chupa kwenye rafu. "Usimtukane, mayu. Wengi huteleza, tena zaidi ya mara moja. Miezi aliyoacha haijafutika. Muulize hamu ilimjia wapi, halafu aanze upya leo hii hii." Yule mama akamshukuru, wabeja nyingi, akaenda zake.

Hakuwa hata amevuka barabara alipoingia Paschal, msimamizi wa zamu kule kiwandani, kutafuta dawa ya kikohozi. Milembe alimfahamu. Kifua chake kilikuwa kikiunguruma kama mashine ya kusaga.

"Shemeji, mmegombana?" Paschal akauliza.

"Muulize mwenzako anayevuta na wewe."

"Josia? Josia alikuwa anatukera. Mwezi mzima kakaa pale na chupa yake ya maji, tukimpa hapokei. Ikimzidi anachukua simu anasogea pembeni, anarudi kacheka. Juzi na jana akawa anarudi hajacheka." Paschal akakohoa, akajifuta mdomo. "Jana saa kumi kasogea na simu, karudi, kaniomba moja. Nikampa. Nisikufiche, nilimpa."

Milembe akaitoa simu yake. Simu ya mwisho ya Josia ambayo hakuipokea ilikuwa ya jana, saa kumi kasoro dakika tatu. Akazipitia zote tisa, moja moja. Hazikuwa za asubuhi kabla ya kazi wala za usiku, wakati ambao mtu hubembeleza. Zote zilikuwa za saa za kazi, saa zile zile hamu ilipokuwa ikimjia. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Alifunga duka mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya msimu wa pamba, akapanda bodaboda hadi kiwandani. Josia hakuwa kibandani. Alikuwa amesimama peke yake juani kando ya uzio, anakula ugali ameshika sahani mkononi.

"Mbona unakula umesimama?"

"Nimetafuta pa kukaa pasipo na moshi, ndiyo hapa."

Milembe akasimama karibu yake. Kwa muda walitazama lori la pamba likiingia getini.

"Zile simu," akaanza, "nilidhani unapiga kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini? Nilikuwa sijakosa. Nilipiga kwa sababu uliniambia nipige."

"Najua sasa. Nimekosea mimi, Josia."

Josia akaiweka sahani juu ya jiwe. "Na mimi nimevuta. Jana."

"Kwa sababu sikupokea."

"Hapana, usinibebee. Ningependa iwe kwa sababu yako, ningekuwa na la kujitetea. Nilivuta kwa sababu niliitaka. Na ilikuwa tamu, Milembe, mpaka nusu. Nusu ya pili nikakohoa, nikaitupa."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia Milembe kwamba ilikuwa tamu. Baba yake pia hakuwahi. Yeye kila siku alisema ilikuwa ya mwisho.

"Siwezi kukuapia kwamba sitavuta tena maisha yangu yote," Josia akasema. "Ninachoweza ni kutokuvuta leo, na ukiniuliza nikuambie ukweli. Nimeona hiyo haitoshi kuleta posa. Asubuhi nimempigia baba mdogo, nimemwambia Jumamosi wasije."

"Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nipe."

Akampa. Milembe akatafuta jina la mzee Januarius, akapiga. Josia alipoelewa alitaka kumnyang'anya, lakini mzee alishapokea.

"Mwadila, baba. Mimi ni Milembe, binti wa Nyanjige. Naomba Jumamosi mje."

Huko Migato, hata hapo Bariadi, hakuna aliyewahi kusikia binti akiiita posa yake mwenyewe.

"Binti," mzee akasema, "nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, baba. Kosa nilifanya mimi, ndiyo maana nasema mimi."

"Huyu kijana kaniambia kaanguka."

"Ni kweli ameanguka. Mwenyewe kaniambia, sikumkamata."

Mzee akaguna. Kisha akasema watakuja sita, mama Nyanjige achemshe chai ya kutosha, na habari ya nani kampigia nani ibaki kati yao, maana kule Migato angechekwa hadi mavuno.

Milembe akairudisha simu. Hofu ya kumpepea mtu haikuwa imemtoka, na alijua haitamtoka Jumamosi wala mwakani. Jioni ile, kabla ya yote, angemweleza mama yake kwamba mkwe wake alivuta jana. Alimtaka Josia hivyo hivyo, pamoja na hofu hiyo, akamshika mkono mbele ya kiwanda kizima.