Namba ya Chini Kabisa

Severina alikuwa akiuza asali kituo cha treni Itigi, dera la njano limemkaa vizuri, chupa moja ikamponyoka na kummwagikia Emilian kwenye shati jeupe. Akaomba radhi huku akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza kijana wa watu. Treni ilipopiga honi walikuwa wameshapeana namba.

Mapenzi yao yakawa ya simu. Emilian alikuwa na duka la viatu Singida mjini, na tovuti aliyoitengeneza mwenyewe: ukisukuma kwa kidole, viatu vinaongezeka tu, havikomi.

"Mbona haina mwisho, mpenzi?" Severina alimtania.

"Uzuri wake ndio huo, mama. Watu wasichoke kutazama."

Namba ya simu na mahali duka lilipo aliviweka chini kabisa ya ukurasa, na hakuwahi kushuka huko kuhakikisha vinafikika.

Kisha simu ya Severina ikaibwa mnadani. Namba ya Emilian hakuwa nayo kichwani; siku hizi nani anashika namba? Nyumbani nako posa ya Gabrieli, mfuga nyuki, ilikuwa imeingia, na wazee wakamwambia kama ana mtu wake, ajitokeze kabla ya Jumapili. Akaazima simu ya dada yake Flora, akafungua ile tovuti. Kila alipokaribia chini na namba kuanza kuchungulia, raba nyingine zikamwagika na kuisukuma mbali. Alisukuma mpaka bando likakata. Akaunga jingine, nalo likakata.

Emilian naye alipiga, simu haipatikani. Akanuna. Alijiambia kaachwa, na kiburi cha kijinga kikamkalisha dukani mwezi mzima.

Alipokuja Itigi alimkuta uani anachuja asali, mikono inanata. Severina akamweleza yote bila kupandisha sauti. Emilian akaapa ataibadilisha tovuti leo leo, na wazee ataongea nao.

"Mahari imeshapokelewa," Severina alisema. "Na usiisingizie tovuti. Mimi nilikutafuta mpaka kidole kikafa ganzi. Wewe Itigi ulikuwa unaijua."

Ilimuuma Emilian, na ilimuuma zaidi kwa kuwa ni kweli.

Mara wakaingia shangazi zake Gabrieli. Severina akawapa shikamoo, akawavutia viti. Walipouliza mgeni ni nani, akamtazama mara moja tu.

"Alifuata asali, shangazi. Anaondoka."