Pini Isiyouma

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vya shule, Sumaku alipiga magoti chini ya cherehani. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina: kupitisha kipande cha sumaku sakafuni na kuokota pini zilizomdondoka mama yake jana yake. Mama alishona pekupeku. Kanyagio, alisema, halitaki kiatu.

Mama alikuwa na kisukari. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge, lakini siku moja alimkuta na chupa ya majani aliyopikiwa na shangazi, akaiinua mbele ya wagonjwa wote.

"Fundi, hii ni dawa au maji ya kuoshea vyombo?"

Watu wakacheka. Tangu siku hiyo mama aliacha vidonge, akabaki na majani.

"Vidonge vinatibu kipande," shangazi alisema. "Majani yanatibu mtu mzima."

Jioni moja Sumaku aliona pini imezama mpaka kichwa kwenye unyayo wa mama.

"Mama, hujaisikia?"

"Hata kidogo. Zamani miguu iliwaka moto, sasa kimya. Unaona majani yanavyofanya kazi?" Akaing'oa, akafunga kitambaa. "Na ukimwambia yule nesi, nitajua nimezaa nyoka."

Sumaku akafunga mdomo. Kidonda chenyewe hakikufunga. Kilitoa maji, kikanuka, mpaka mteja mmoja akaziba pua na kuuliza kama kuna panya amefia humo ndani. Mama akasema ndiyo, yupo.

Hapo Sumaku alishindwa kuvumilia. Alikimbia hadi zahanati, akasema yote.

Mama akapelekwa hospitali, na huko mguu ulikatwa chini ya goti. Mama alipozinduka alimtazama bintiye.

"Nyoka," akasema, akageukia ukutani.

Muuguzi wa zahanati, aliyewasindikiza, alimshika Sumaku bega, akamwambia mama.

"Fundi, bila huyu nyoka tungekuzika. Ule ukimya wa miguu haukuwa kupona. Sukari iliua mishipa ya fahamu. Mimi nilikucheka, nawe ukanificha. Hilo kosa ni langu. Kula vizuri, tembea, lala usingizi, mwili mzima unayataka hayo. Hata majani, niletee tuyaulizie kwa daktari. Lakini vidonge usiviache, na anayekutibu usimfiche unachokunywa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Siku hizi mama anashona kwa mguu mmoja, na ulimi wake haujapungua makali. Ila kila asubuhi, Sumaku akimaliza sakafu, mama humnyooshea unyayo uliobaki bila neno. Sumaku huugeuza kwenye mwanga, akatafuta hata katikati ya vidole, polepole.