Kisogo cha Anko Zadock

Kila asubuhi, kabla Everlyn hajamaliza chai yake, sauti ilitoka chumba cha nyuma cha nyumba yao ya Woodley.

"Eve! Njoo na wanja!"

Everlyn alikiweka kikombe mezani kwa kishindo. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na aliamini kwamba katika Nairobi nzima hapakuwa na mwanafunzi mwingine aliyeanza siku kwa kupaka rangi kichwa cha mtu mzima.

Kichwa chenyewe kilikuwa cha Anko Zadock, mdogo wake mama, aliyefanya kazi ya kuuza bima katikati ya jiji. Alikuwa mtanashati wa tai, suti iliyonyooshwa na viatu vya kung'aa. Lakini nywele za mbele zilikuwa zimemkimbia mapema. Basi akaenda kwenye kliniki moja huko mjini. Wakamkata ukanda wa ngozi yenye nywele kisogoni, wakapashona, kisha wakazipandikiza nywele hizo juu ya paji la uso. Zilipoota chache, alirudi akakatwa tena. Sasa mbele palikuwa na nywele za kuhesabika, na kisogoni palikuwa na kovu pana, huku nywele zilizolizunguka zikiwa zimeparara kama nyasi za kiwanja cha mpira. Hapo ndipo wanja ulipohitajika.

"Nyuma kumejaa?" aliuliza Anko Zadock, akijitazama mbele tu katika kioo.

"Kumejaa, Anko."

Haikuwa kweli. Siku za mwanzo Everlyn alikuwa akisema, "Kuna mahali peupe, Anko." Mjomba alinuna, akaamuru apakwe upya, kisha upya tena, hata Everlyn akachelewa shuleni na kuadhibiwa kuokota takataka uwanjani. Akajifunza kwamba neno "kumejaa" lilikuwa njia fupi ya kufika shuleni.

Naye Anko Zadock hakuwa na njia nyingine ya kujua. Tangu apasuliwe aliacha kwenda kwa Ogutu, kinyozi wa mtaani, kwa kuwa Ogutu alikuwa na desturi yake. Akimaliza kunyoa, huinua kioo kidogo nyuma ya kichwa chako ili uione kazi yake. Anko Zadock hakutaka kioo hicho wala maswali ya Ogutu.

"Jumamosi naenda mara ya tatu," alitangaza wiki moja wakati wa chakula cha jioni. "Nimeshaongea nao kwa simu. Siwezi kwenda kuposa kwa wazazi wa Nyakio na paji linalong'aa kama sufuria."

Mama Everlyn, aliyeitwa Milcah, alitua kijiko. "Nyakio si alikukubali na huo upara wako? Ama siku hiyo ulikuwa umejificha?"

"Dada, haya ni mambo ya wanaume."

"Wanaume gani wanaomaliza wanja wangu?"

Everlyn alicheka hadi ugali ukampalia. Anko Zadock hakucheka. "Nyuma bado kuna nywele tele. Muulize Eve, yeye huona kila siku."

Mama alimgeukia. Everlyn aliinamisha kichwa akaishughulikia mboga yake.

Ijumaa asubuhi alipoinua kipande cha wanja, mkono wake ulisimama hewani. Ukingo mmoja wa kovu ulikuwa umevimba na kufunguka. Palikuwa na majimaji ya njano, na harufu mbaya.

"Anko, hapa..."

"Hapa nini? Harakisha, nina mteja saa mbili!"

Everlyn alivuta pumzi. Kila siku kelele, kila siku haraka! "Hapana kitu," akasema. Akapaka pembeni ya kidonda, akabeba mkoba wake, akaondoka.

Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni, lakini Everlyn aliona kisogo tu. Kesho wangekata palepale palipooza. Na mjomba angelala kifudifudi chini ya kisu bila wasiwasi, kwa sababu yeye alimwambia kumejaa.

Jioni alikitoa kioo kikubwa ukutani, akachukua na kile kidogo cha mama, akaingia chumba cha nyuma.

"Keti, Anko."

"Wanja usiku huu?"

"Leo sipaki. Shika hiki mbele yako." Alilowesha kitambaa, akapangusa wanja polepole, kisha akainua kioo kidogo nyuma ya kichwa cha mjomba wake, vile Ogutu afanyavyo.

Anko Zadock alitazama. Alisogeza kioo chake kulia, akakirudisha kushoto.

"Hiki ni kisogo cha nani?"

"Chako."

"Si kila siku unaniambia kumejaa?"

"Nilikuambia ukweli, ukaninunia! Ukanichelewesha, nikaokota takataka kwa ajili ya kichwa chako! Nikachoka, nikaanza kukudanganya." Everlyn alikishusha kioo. "Leo asubuhi nimeona usaha nikanyamaza. Na kesho watakata hapohapo."

Mama aliingia na mwiko mkononi kuuliza kelele ni za nini. Alipokiona kidonda, hakupiga kelele. Alisema tu, "Kesho hatuendi kliniki yako. Tunaenda Parklands, kwa daktari wa ngozi."

Daktari Parminder alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha buluu na maneno machache. Alisafisha kidonda, akakifunga, akaandika dawa.

"Nikipona," aliuliza Anko Zadock, "naweza kupandikizwa mara ya tatu?"

"Mungu wangu!" alisema mama.

Daktari alivua miwani. "Bwana Zadock, umewahi kuona kitalu cha miche? Unang'oa mche kitaluni, unaupanda shambani. Hujaongeza mche, umeuhamisha tu, na mingine hufia njiani. Kliniki haitengenezi nywele. Huzihamisha. Kitalu chako ni kisogo, na kiko karibu kwisha. Ngozi imevutwa mara mbili. Ukikatwa tena, kidonda huenda kisifunge vizuri, kovu litapanuka, na hisia hapo, ambazo zimeshapungua hata hukuhisi usaha, huenda zikaisha kabisa. Wapo wanaopandikizwa wakafaulu, lakini daktari mwaminifu hupima kitalu kwanza, na huwaambia wengine hapana. Mimi nakuambia hapana."

"Ni rahisi kwako, Daktari. Wewe una nywele chini ya kilemba."

"Sijawahi kuzikata tangu nizaliwe," alisema Daktari Parminder. "Sasa zinaondoka zenyewe. Siziulizi zinakwenda wapi." Akavaa miwani yake. "Na huo wanja usiguse kidonda tena. Nani alikuwa akipaka?"

"Ni mimi," alisema Everlyn. "Na kidonda nilikiona jana, sikusema."

"Lakini jioni ulisema," alijibu daktari. "Angekatwa leo juu ya usaha, tungekuwa tukizungumza hospitalini."

Kidonda kilipopona, Anko Zadock alikwenda kwa Ogutu pamoja na Everlyn, akaagiza anyolewe kichwa chote. Ogutu hakuuliza neno. Alipomaliza alichukua kioo chake kidogo, lakini Anko Zadock akamzuia.

"Mpe huyu akishike." Kisha akamwambia Everlyn, "Sema unachokiona."

Everlyn alisita. "Kovu linaonekana, Anko. Na kichwa kina umbo la kiazi."

Ogutu aliuma mdomo. Anko Zadock alicheka mpaka kiti kikalia.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia, "Kinyozi hajinyoi, Eve, na hakuna mtu anayekiona kisogo chake mwenyewe. Ndiyo sababu tunahitaji watu wa kusimama nyuma yetu. Ukisimama nyuma ya mtu, mwambie unachokiona, hata akinuna. Uongo wa kumfurahisha unaweza kumlaza chini ya kisu. Nami nina somo langu: anayemnunia msema kweli hujinunulia mwongo."

Nyakio alipokiona kichwa hicho kipya alisema tu, "Afadhali. Bila kungoja wanja, sasa tutafika kwetu mapema."

Jumatatu asubuhi Everlyn alikuwa akinywa chai alipoisikia tena ile sauti.

"Eve!"

Alifumba macho. "Nini tena, Anko?"

Anko Zadock alisimama mlangoni, kichwa kikimeta. "Tai yangu imenyooka?"

Everlyn alimtazama. "Imepinda."

Mjomba wake alirudi chumbani kuifunga upya, wala hakununa.